Kituo cha wanyama mtaani: dalili, chanzo na la kufanya

Watu wengi wanaoendesha vituo vidogo vya mbwa na paka hapa Dar es Salaam, wakikwama, huuliza jina la dawa kwanza. Watoto wa mbwa wanaharisha, nitumie dawa gani? Paka wanapiga chafya, wachomwe sindano gani? Dawa ina nafasi yake na daktari wa mifugo ana nafasi kubwa zaidi, lakini mimi nasimamia hili: matatizo mengi ya kituo huingilia getini. Ni wangapi wanaingia, wanalala wapi usiku wa kwanza, na wanakaa muda gani kabla ya kupata watu wa kuwachukua. Ndiyo maana kwa kila dalili hapa chini naanza na maswali, na fedha hutoka baadaye. Anayehifadhi mbwa watano uani Tabata atayaona yake humu, sawa na kikundi kilichopanga kiwanja kizima Kigamboni.

Kabla ya yote, weka daftari. Kila mnyama aandikwe tarehe ya kuingia, alikotoka, umri wa kukadiria, chanjo na dawa alizopewa, na tarehe aliyotoka au kufa. Bila daftari hilo utakuwa unakisia tu.

Watoto wa mbwa wanakufa mmoja baada ya mwingine

Mtoto anasusa chakula asubuhi, jioni anatapika, kesho yake anaharisha damu yenye harufu kali. Ukishainusa mara moja hutaisahau. Siku mbili baadaye amekufa, na ndugu zake wameanza. Mara nyingi hiyo ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Minyoo mingi nayo inaweza kuleta kinyesi chenye damu, kwa hiyo mpeleke mmoja akapimwe kabla ya kuhukumu wote.

Jiulize: alikuwa na siku ngapi kituoni alipoanza kuumwa? Parvo kwa kawaida hujitokeza siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa, na inaweza kuchelewa hadi siku 14. Aliyeanza kuharisha siku ya pili amekuja nayo. Aliyeanza baada ya wiki mbili ameipata kwako. Walio katikati ni wa kutiliwa shaka pande zote. Ukiona daftari limejaa wa kundi la pili, usiwalaumu wanaoleta mbwa. Sakafu yako ndiyo inayoambukiza.

Virusi hivi ni vigumu kufa. Kwenye udongo wenye kivuli hukaa miezi mingi, hata kupita mwaka. Hapa wengi hukosea kwa nia njema: wanamwaga Dettol, banda linanukia hospitali, na virusi vinabaki pale pale. Kinachoviua ni dawa ya klorini kama Jik, na nayo haifanyi kazi juu ya uchafu. Ondoa kinyesi, sugua kwa maji na sabuni, suuza, ndipo umwage mchanganyiko wa nusu lita ya Jik kwenye ndoo ya maji ya lita 10. Acha dakika 10 zipite kabla ya kusuuza tena. Changanya mpya kila siku, maana wa jana umeshapungua nguvu.

Sakafu ya mchanga huwezi kuiua virusi, na Dar karibu kila uwanja ni mchanga. Kwa hiyo banda la watoto liwe la zege hata kama ni mita mbili kwa mbili tu, na mtoto ambaye hajamaliza chanjo asishushwe kwenye mchanga wa uwanja kabisa. Ningekuwa na fedha ya kujenga kitu kimoja pekee, ningejenga hicho kabla ya ofisi, kabla ya bango la barabarani, kabla ya ukuta wa mbele.

Mara nyingi mtu atasema, “Lakini hawa walichanjwa.” Hapo kuna mambo matatu ya kuchunguza. Mtoto hunyonya kinga ya mama yake, na kinga hiyo huizuia chanjo isifanye kazi. Hujui itaisha lini, ndiyo maana chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki 16. Sindano moja haitoshi. Jambo la pili ni ubaridi: chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ile iliyotoka dukani ndani ya mfuko wa nailoni, ikapanda bodaboda saa saba mchana kutoka Kariakoo hadi Chanika, huenda ilishakufa njiani. Nenda na kiboksi chenye barafu, na muulize muuzaji friji lake hufanywaje umeme ukikatika. Tatu, mtoto aliyechanjwa leo hana kinga leo, bado anahitaji siku kadhaa.

Kwa hiyo karantini ni siku 14 kwa kila anayeingia, mahali pasipoonana na wengine, penye ndoo yake, fagio lake, vyombo vyake na ndara zake. Anayehudumia huanza na watoto wazima, kisha wakubwa, kisha karantini, na wagonjwa huwa wa mwisho. Akishapita kwa wagonjwa harudi nyuma siku hiyo mpaka aoge na kubadili nguo.

Kituo kimejaa na bado wanaletwa

Unafungua geti alfajiri, kuna boksi la biskuti limefungwa kwa kamba na ndani paka wanne hawajafumbua macho. Huwezi kuwaacha. Wiki ijayo boksi lingine. Mwisho wa mwezi wanyama wamebanana, wanapigana, na ile parvo tuliyoisema imepata njia.

Piga hesabu hii kwenye karatasi. Wakiingia watatu kwa wiki na kila mmoja akikaa wiki 12, utakuwa na wanyama 36 muda wote. Ukifupisha kukaa hadi wiki 6, utabaki na 18 bila kumkataa hata mmoja. Idadi hutengenezwa na mambo mawili tu, kasi ya kuingia na urefu wa kukaa, na kuongeza mabanda hakugusi lolote kati ya hayo. Ukiongeza mabanda yatajaa pia, kisha utakuwa na msiba mkubwa zaidi.

Sasa angalia daftari: nani wanakaa muda mrefu? Kawaida utakuta ni waliokwama kwa kitu kidogo, huyu anasubiri kuhasiwa, yule hajawahi hata kupigwa picha nzuri. Kila Jumatatu mpitie mnyama mmoja mmoja na kuulizana, “Huyu anasubiri nini?” Jibu likipatikana, liandikwe na jina la mtu atakayelishughulikia wiki hiyo.

Upande wa kuingia, jifunze kusema “njoo Alhamisi” badala ya “hapana”. Mtu anayemleta mbwa kwa sababu mwenye nyumba amemkataza mara nyingi anaweza kusubiri siku nne. Mwingine hahitaji kumwacha kabisa, amechoka na viroboto au na majike kuzaa. Msaidie hilo, mnyama abaki kwake. Na mtu akileta watoto, swali la kwanza liwe: mama yao yuko wapi? Mwambie, “Watoto tutawapokea, lakini tuletee na mama afungwe kizazi, tutakurudishia.” Mbwa hupata joto takriban mara mbili kwa mwaka na kubeba mimba kwa siku 63 hivi. Paka ni mwepesi zaidi, hushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, na anaweza kushika nyingine wakati bado ananyonyesha. Ukichukua watoto na kumwacha mama, nyumba ile ile itakuletea boksi jingine mwaka huu huu.

Watoto wasiofumbua macho wasilale kituoni hata usiku mmoja. Tafuta nyumba za malezi ya muda, watu wenye subira na chumba kikavu. Usiwape maziwa ya ng'ombe, yanawaharisha. Tumia maziwa maalumu ya watoto wa paka au mbwa, na kila baada ya kunywa wafutwe sehemu ya haja kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu ili waweze kujisaidia, kwa sababu kazi hiyo hufanywa na ulimi wa mama.

Mbwa mkubwa amezubaa, ufizi mweupe, mkojo kama kahawa

Fungua mdomo wake, bonyeza ufizi kwa kidole. Ukiwa umepauka na mkojo una rangi ya chai ya rangi au kahawa, wahi kwa daktari siku hiyo hiyo. Hiyo inafanana na homa ya kupe, ambayo vimelea wake hupasua chembe nyekundu za damu. Baadhi ya dawa zake zina dozi finyu sana kwa mbwa, kwa hiyo asichome mtu aliyezoea kuchoma ng'ombe.

Kama wanarudi kuumwa, acha kumtazama mbwa na utazame ukuta. Kupe wa kahawia wa mbwa hushuka, hujificha kwenye nyufa za tofali na chini ya kenchi, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Unaweza kuogesha mbwa kila wiki na bado ukashindwa. Piga plasta, ziba nyufa, nyunyiza dawa ukutani na kwenye paa, kisha rudia baada ya wiki mbili au tatu kwa sababu mayai yaliyobaki yataanguliwa.

Upele unaomnyonyoa mbwa mpaka ngozi inakuwa ngumu hutokana na utitiri, na aina moja huwapata hata wanaowahudumia. Tafadhali usipake oili chafu ya gari. Mbwa huilamba, na ngozi huinyonya, inamuumiza ini na figo. Ivermectin, dawa ya kuua vimelea, husaidia, lakini ile ya ng'ombe ya asilimia 1 ni kali: dozi ya mbwa wa kilo 10 haifiki hata nusu mililita, na baadhi ya mbwa wa kizungu, hasa aina ya Collie na machotara wao, inaweza kuwaua. Mwache daktari apime.

Paka amekufa baada ya kutibiwa

Uliza alipewa nini. Panadol humuua paka, hata nusu kidonge. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin humtetemesha hadi kufa. Dettol iliyobaki sakafuni huingia kwenye miguu, naye huilamba. Soma boksi, na kama halisemi wazi kwamba ni ya paka, iache.

Chafya na macho yenye tongo katika banda la paka huongezeka wakibanana na wakiogopa. Mpe kila paka boksi la kujificha na mtenganishe na mbwa kwa macho na kwa sauti.

Wanakula lakini wanakonda

Kaa uwatazame wakila, mwanzo hadi mwisho. Kama chakula kiko kwenye sufuria moja, utaona mbwa wawili wakishiba na wanne wakizunguka. Kila mmoja apewe bakuli lake, na wanyonge walishwe pembeni.

Kisha angalia kilichomo. Ugali mtupu hushibisha bila kujenga. Vichwa vya samaki kutoka Feri, mapupu na utumbo kutoka Vingunguti, dagaa walioroweka kupunguza chumvi, vyote ni protini nafuu, lakini vipikwe. Viungo vibichi vya machinjioni huweza kumpa mbwa minyoo ya tegu, na mayai ya aina moja ya tegu huyo hupita kwa kinyesi na kumfanyia binadamu uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Mifupa ya kuku iliyopikwa itupwe, huvunjika kwa ncha kali. Vitunguu visiwemo kwenye mchuzi. Paka yeye hawezi kuishi kwa ugali na mchuzi. Kuna kirutubisho anachokipata kwenye nyama na samaki tu, na akikikosa macho na moyo vinaharibika.

Halafu minyoo. Watoto wapewe dawa kila wiki mbili kuanzia wiki ya pili hadi ya 12, wakubwa kila miezi mitatu. Kinyesi kiokotwe kila siku: mabuu wa safura wakiingia kwenye mchanga huchimba ngozi ya mtu anayetembea peku.

Majirani wamekwenda serikali ya mtaa

Malalamiko matatu hujirudia: kelele, harufu na najisi. Yachukulie yote kwa uzito. Jirani hakuchagua kuishi karibu na kituo chako.

Mbwa wanaobweka usiku kucha kwa kawaida wanaona wapita njia kupitia nafasi za geti. Ziba upande wa barabara kwa bati au makuti kuanzia chini, kimo cha macho ya mbwa, na wape chakula kikuu jioni. Harufu inatokana zaidi na mkojo na maji ya kuoshea yanayotuama, kwa hiyo sakafu iwe na mwinamo na maji yaishie kwenye shimo lililofunikwa.

Najisi ndilo linalohitaji adabu zaidi. Waislamu wengi wa Pwani hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nilikuwapo bibi mmoja alipokuja kulalamika, amefunga kanga, na birika la kutawadhia mkononi.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Sina ugomvi na mbwa wenu, ni viumbe wa Mungu. Ila maji yenu yanapita mlangoni kwangu, na mimi nakwenda kuswali.”

Alichotaka ni mfereji. Mfereji ulichimbwa, maji yakageuzwa upande wa pili, na shauri likaisha bila barua wala mgambo. Kwa hiyo kabla ya kupanga kiwanja, tazama njia ya msikitini iko wapi na mvua ya masika inapeleka maji kwa nani. Mabonde yanayofurika, kama Jangwani na kingo za Msimbazi, yaache: mbwa waliofungiwa hawawezi kukimbia, na maji ya mafuriko yenye mkojo wa panya huleta ugonjwa wa ini na figo unaompata binadamu pia.

Siku ya kuitwa kwa mwenyekiti, nenda na kadi za chanjo na umwombe afisa mifugo wa kata awepo. Ni vizuri zaidi kama walishakujua tangu siku ya kwanza. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamlinda mnyama dhidi ya ukatili, lakini haikupi wewe ruhusa ya kumkera jirani.

Mbwa amemng'ata mtu

Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, ukitazama saa. Usipake pilipili, mafuta wala majani. Kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje, maana dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mbwa asiuawe wala asigawiwe. Afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya hapo, hakuwa na uwezo wa kuambukiza siku aliyong'ata. Akibadilika au akifa, mwite afisa mifugo mara moja ili sampuli ipelekwe maabara.

Wanaojitolea wafundishwe jambo moja zaidi: kichaa hakianzi kwa ukali kila mara. Mbwa anaweza kulegea taya, akatoa udenda na kushindwa kumeza, ukadhani amekwamwa na mfupa. Usiingize mkono. Wanaoshika wanyama kila siku wapate chanjo ya kinga mapema, na kila mbwa na paka wa kituo achanjwe akifikisha miezi mitatu. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na kuelekea siku hiyo inafaa kumuuliza afisa mifugo kuhusu kampeni za chanjo, ili mbwa wa mtaa mzima wachanjwe pamoja na wako. Kichaa hukatika mbwa wapatao asilimia 70 katika eneo wakichanjwa.

Michango inakuja ukiweka picha ya damu tu

Watu wanatoa kwa huruma ya siku moja kwa sababu hawajaonyeshwa gharama ya siku za kawaida. Weka wazi kila mwezi: unga kilo ngapi, dagaa shilingi ngapi, chanjo, maji ya boza, walioingia, waliotoka, waliokufa. Ndiyo, na waliokufa. Kisha omba kiasi kidogo cha kudumu, shilingi elfu tano kila mwezi kwa lipa namba yenye jina la kituo. Namba ya simu ya mtu binafsi huua imani hata kama mwenye nayo ni mwaminifu. Ili kupata akaunti ya kituo unahitaji usajili. Wengi hujisajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, na pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako. Usajili unakuja na wajibu wa kutoa taarifa za kazi na fedha kila mwaka, kwa hiyo risiti zitunzwe tangu siku ya kwanza.

Waliochukuliwa wanarudishwa

Piga simu siku ya tatu, wiki ya pili na mwezi wa tatu. Wengi hurudisha kwa jambo ambalo mazungumzo ya dakika kumi yangelimaliza: mbwa amekula ndara, ametafuna kuku wa jirani, au mtoto anamwogopa. Kabla ya kumtoa mnyama, uliza kama nyumba ni ya kupanga na zungumza na mwenye nyumba mwenyewe. Anayetaka mbwa wa ulinzi mwulize atalala wapi na atafungwa mnyororo saa ngapi. Mnyama atoke akiwa ameshahasiwa au kufungwa kizazi. Ahadi ya “nitamleta mwezi ujao” hupotea kirahisi, na jike aliyetoka bila kufungwa kizazi atakurudia na watoto wake.